Jina lililokuwemo: kisa cha kutafuta neno kwa kisoma skrini

Saa tatu kasoro usiku nilipigiwa simu na dada mmoja wa Tabora niliyewahi kumfundisha kompyuta. "Shikamoo kaka. Jina langu halimo." Marahaba mdogo wangu, nikamjibu, halimo wapi? Halimo kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili wa ualimu. Orodha ilikuwa imetoka mchana ule, faili moja la PDF la kurasa 186, na alikuwa ameketi nalo tangu saa kumi alasiri.

Haoni tangu utotoni, kama mimi. Anatumia kompyuta mpakato ya Windows yenye NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akaungana naye, Waaustralia wawili wasioona, na mpaka leo inatolewa bure. Si mgeni wa kibodi. Anaandika barua, anatuma maombi ya kazi mwenyewe, hahitaji mtu wa kumshika mkono. Kwa hiyo aliposema halimo, nilijua ametafuta. Swali langu lilikuwa moja: alibonyeza nini, na kompyuta ikamjibu nini, neno kwa neno?

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu jina lilikuwemo. Lilikuwemo tangu ile saa kumi. Kompyuta ilisema halipo zaidi ya mara kumi, na kila mara ilisema kweli kuhusu kile ilichoulizwa. Ameniruhusu kukisimulia, ila jina lake halisi silitaji. Nitaweka jina la mfano linalobeba mitego ileile: Khadija Athumani Ng'washi.

Kwanza hesabu, ili anayeona aelewe kwa nini hatukusema tu "soma yote". Kila ukurasa ulikuwa na majina kama 30, ambayo kwa kurasa 186 ni zaidi ya majina 5,500. Ukisikiliza kila jina kwa sekunde 3 bila kupumzika, utamaliza baada ya saa nne na nusu. Macho huteleza juu ya ukurasa na kushika herufi za mwanzo tu, lakini sikio hupokea neno moja baada ya jingine, kwa foleni. Ndiyo maana kwetu sisi kutafuta neno kwa vitufe ndiyo njia yenyewe ya kuifikia hati, na njia hiyo ikikwama hati nzima inakuwa kama imefungwa.

Mashahidi wawili waliokubaliana

Alianza kwa Control+F. Vidole vyake vilijifunza hivyo chuoni, ambako kompyuta zilikuwa na JAWS, kisoma skrini kingine cha kulipia, tena katika ile hali ya majaribio inayokwisha baada ya dakika 40 hadi uiwashe kompyuta upya. Ndani ya JAWS, ukiwa kwenye ukurasa wa wavuti, Control+F hufungua kidirisha cha kutafuta cha JAWS yenyewe, na F3 hukupeleka kwenye neno linalofuata. NVDA haiko hivyo. Control+F inapita moja kwa moja kwenda kwa programu iliyofungua hati, yaani kivinjari au Adobe Reader, na programu hiyo ndiyo inayotafuta. Kutafuta kwa NVDA yenyewe ni kitufe cha NVDA pamoja na Control+F. Kitufe cha NVDA ni Insert, au Caps Lock ukiwa umeipanga hivyo.

Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka ikupate. Programu inapotafuta yenyewe, hulipaka rangi neno lililopatikana na kuusogeza ukurasa. Mwenye macho anaona rangi, amemaliza. Sisi tunasoma kwa kishale cha kisoma skrini, na mara nyingi kishale hicho hubaki pale kilipokuwa. Neno limepatikana upande mmoja, wewe umesimama upande mwingine. NVDA inapotafuta yenyewe, hukibeba kishale hadi kwenye neno na kuusoma mstari palepale.

Aliandika majina yake yote matatu ndani ya kisanduku cha Adobe Reader. Hakuna. Akakumbuka niliyomfundisha, akabonyeza Insert+Control+F, akayaandika tena yote matatu. Maandishi hayajapatikana. Hapo moyo ukamwisha nguvu, na simlaumu. Mashahidi wawili wasiojuana wakisema jambo moja, nani atabisha?

Ila mashahidi hawa waliulizwa swali lenye kasoro, na mmoja wao alikuwa ameona ukurasa mmoja tu wa orodha nzima.

Namba 31

Nilimwomba aache kutafuta. "Bonyeza Control+End, uende mwisho kabisa wa hati. Nisomee mstari uliopo." Akasoma jina la mtu. Nikamwuliza, kabla ya jina hilo kuna namba gani? Akapanda mstari mmoja juu kwa mshale. "Thelathini na moja."

Orodha ile ilikuwa na namba mfululizo, tangu 1 hadi mtu wa mwisho. Mwisho wa kurasa 186 hauwezi kuwa 31. Nilinyamaza kidogo, naye akanyamaza, kisha akasema mwenyewe, taratibu: "Kaka, kwa hiyo nimekuwa natafuta kwenye ukurasa mmoja."

Ndivyo. NVDA haisomi faili lenyewe. Inasoma kile ambacho Adobe Reader imekubali kuikabidhi, na Adobe Reader ina mpangilio wake: hati ikizidi idadi fulani ya kurasa, na idadi inayokuja na programu ni 50, hukabidhi kurasa zinazoonekana kwenye skrini peke yake. Sababu ipo. Kuandaa mamia ya kurasa kwa ajili ya kisoma skrini kunailemea kompyuta, hasa ndogo. Lakini hakuna sauti inayokuonya kwamba umepewa kipande. Kwa sikio, mwisho wa kipande na mwisho wa hati havitofautiani. Na kidirisha cha kutafuta cha NVDA kinajibu "hayajapatikana" kwa sauti ileile, iwe kimepita kurasa 186 au ukurasa mmoja.

Tulirekebisha kwa simu. Control+K hufungua mipangilio ya Adobe Reader. Upande mmoja kuna orodha ya vipengele, ukishuka kwa mshale unafika kwenye kipengele cha usomaji. Ukipita kwa Tab utakuta chaguo la kurasa zinazosomwa na kisoma skrini: zinazoonekana tu, hati nzima, au zinazoonekana tu pale hati inapokuwa kubwa. Akachagua hati nzima, akakubali, akalifunga faili na kulifungua upya.

Hapa watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo nieleze. Hati ndefu ikifunguliwa hivi, kompyuta hukaa kimya ikiandaa maandishi. Ya kwake ilichukua dakika zinazokaribia sita, feni ikiunguruma hadi naisikia mimi kwenye simu. Mara mbili aliuliza, imeganda? Nikamwambia usiguse kitu, subiri. Ilipomaliza akabonyeza tena Control+End. Namba ikawa 5,564. Alicheka kwa mara ya kwanza usiku ule.

Herufi moja ya mwanzo na ritifaa moja

Akarudi mwanzo kwa Control+Home, na hili halina mjadala, kwa sababu utafutaji wa NVDA huanzia pale kishale kilipo na kwenda mbele. Ukiwa mwisho wa hati na toleo lako halizunguki kurudi juu, utaambiwa neno halipo hata kama liko mstari wa kwanza. Akafungua kidirisha, akaandika majina matatu kamili. Maandishi hayajapatikana.

Safari hii nilifurahi, kwa sababu sasa tulikuwa tumebaki na tatizo la maandishi peke yake.

Kisoma skrini hakijui majina yetu. Kinalinganisha herufi na herufi. Herufi kubwa na ndogo hakizijali, isipokuwa ukiweka alama kwenye kisanduku cha kuzitofautisha, lakini mengine yote yanakisimamisha. Nafasi mbili kati ya majina badala ya moja. Jina refu lililokatwa ndani ya kisanduku cha jedwali, mawili mstari wa juu, la tatu mstari wa chini. Jina la ukoo kutangulizwa. Na juu ya yote hayo, sisi wenyewe hatuna mwandiko mmoja wa majina. Ally na Ali, Halfani na Khalfan, Mohamed na Muhammad, Zuhura na Zuhra, Athumani na Othman: mwenye jina ni yuleyule, ila kila karani kaandika alivyosikia. Kwa majina matatu kamili unaomba kila herufi, kila nafasi na mpangilio wote vipatane kwa mkupuo mmoja. Ni kuomba kingi mno.

Ushauri wangu siku zote ni kutafuta kwa kipande. Chagua herufi nne au tano zilizo katikati ya jina, zile ambazo hakuna karani anayeweza kuzibadilisha. Kwa Khadija kipande ni "adija". Alijaribu, na jina la kwanza likapatikana papo hapo, halafu la pili, halafu la tatu. Orodha ilijaa akina Hadija na Khadija kutoka kila mkoa. Jina zuri linalopendwa na wengi ni kipande kibovu cha kutafutia, kwa hiyo tukahamia kwenye jina la ukoo.

Na hapo kulikuwa na mtego ninaoupenda kuueleza, kwa sababu unatuhusu sisi wenye majina ya ng' kuliko mtu mwingine yeyote. Ile ritifaa ina maumbo. Ukiibonyeza kwenye kibodi ndani ya kidirisha cha kutafuta unapata kijistari kilichosimama wima. Lakini karani anayeandika kwa Word akibonyeza kitufe hichohicho, Word humbadilishia bila kumwuliza na kuweka ritifaa iliyopinda. Kwa macho zinafanana, ila kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kama M na N. Kisoma skrini chenyewe huzitaja kwa majina mawili ukipita herufi kwa herufi kwa mshale wa kulia, ila nani hupita herufi kwa herufi kwenye jina analolijua tangu kuzaliwa? Wapo pia makarani wanaoweka alama nyingine inayofanana na ritifaa, na wapo wanaoiacha kabisa wakaandika NGWASHI. Kwa hiyo mtu mwenye jina la Ng'ombe, Ng'wandu au Ng'hwaya asiitafutie ritifaa kamwe. Aanzie herufi inayofuata.

"Andika washi," nikamwambia. "Basi?" Basi.

Jina la kwanza lililopatikana lilikuwa la kijana mmoja aitwaye Washington. Ili kwenda mbele, NVDA hutumia Insert+F3, na Insert+Shift+F3 kurudi nyuma. Akabonyeza, na sauti ya kompyuta ikapanda ghafla hadi nikaiondoa simu sikioni. Kwenye kompyuta yake, kama zilivyo mpakato nyingi za sasa, F3 bila Fn ni kitufe cha sauti. Ilibidi iwe Insert+Fn+F3, vidole vitatu. Kompyuta nyingi huruhusu kugeuza hilo kwa Fn+Esc, ili vitufe vya F vifanye kazi yake ya asili, na kwa mtumiaji wa kisoma skrini hiyo ni kazi ya kufanya siku ya kwanza anaponunua kompyuta.

Cha pili kilikuwa Mwashitete. Cha tatu, programu ikasoma kwa sauti yake ya chuma: HADIJA ATHUMANI NG’WASHI.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Hadija, bila K. Cheti cha kidato cha nne kimeandikwa hivyo, kaka. Niliomba kwa jina la kwenye cheti." Nyumbani kwao, kwenye simu za marafiki na kwenye kitambulisho chake cha msikitini ni Khadija. Alikuwa amelitafuta jina analoitwa, na orodha ilikuwa na jina aliloandikishwa.

Kupata jina si kupata taarifa

Nilidhani tumemaliza. Kumbe bado, maana alihitaji kituo cha usaili na tarehe, na alipoteremka mstari mmoja kwa mshale alisikia "KE", kisha tarehe, kisha jina la mkoa, kisha jina la mtu mwingine, kisha tarehe nyingine. Ipi ni yake?

Jedwali likitengenezwa vizuri, unasogea ndani yake kwa Control+Alt na mishale, kulia na kushoto ukibaki kwenye safu mlalo ileile, na NVDA inakutajia kichwa cha kila safu: jina, jinsia, kituo, tarehe. Hati hii ilikuwa na mistari ya jedwali kwa ajili ya macho tu. Ndani hapakuwa na muundo wowote unaoiambia kompyuta kwamba hiki ni kisanduku na kile ni kichwa. Adobe Reader ilijaribu kukisia mpangilio wa kusoma, na kwa kurasa kadhaa ilikisia vibaya.

Tulichofanya ni kazi ya subira. Alirudi juu hadi safu ya watu watatu kabla yake, akasoma kwa sauti kila mstari nami nikaandika kwenye daftari langu la nukta nundu: namba, jina, jinsia, tarehe, kituo. Kwa hao watatu mpangilio ulikuwa huohuo. Kwa wawili waliomfuata pia. Basi tarehe yake ni ile inayofuata "KE" iliyo chini ya jina lake, na kituo ni Tabora. Usaili ulikuwa keshokutwa, saa mbili asubuhi. Ningetamani kila anayeandaa orodha ya namna hii angesikia, hata kwa dakika kumi, jinsi dada yule alivyokuwa akihema huku akihesabu mistari ili asije akaenda siku ya mtu mwingine.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri na ninaithamini. Lakini mtu hafiki kwenye asilimia 3 kama ameshindwa kujua kwamba ameitwa. Na dawa yake haina gharama. Jedwali liwe jedwali la kweli ndani ya Word, mstari wa vichwa uwekwe kama mstari wa vichwa, na PDF itolewe na Word yenyewe ikiwa na alama za muundo. Pembeni liwekwe faili la Excel la orodha hiyohiyo. Mhuri na sahihi vikae kwenye ukurasa wa barua, mbali na majina.

Nasema mbali na majina kwa sababu ya kilichofuata. Alikwenda kwenye usaili. Baada ya miezi ikatoka orodha ya walioitwa kazini, ya kurasa 14, na safari hii karatasi zilikuwa zimechapishwa, zikagongwa mhuri kila ukurasa, kisha zikapigwa picha kwa skana. Alipoifungua, NVDA ilimwambia hati ni tupu. Kwa kisoma skrini, picha ya maandishi haina hata herufi moja. Hapo Insert+Control+F haina pa kushika, uwe na kipande kizuri namna gani.

Njia iliyobaki ni Insert+R, ambayo huitumia Windows 10 au 11 kuyatambua maandishi yaliyo kwenye picha. Ila inatambua kilichopo kwenye skrini wakati huo, kwa hiyo unakwenda ukurasa kwa ukurasa: fungua, tambua, soma mistari kwa mshale, toka kwa Escape, ukurasa unaofuata. Na mhuri ukiwa juu ya jina, herufi hugeuka. Sikuwa karibu na simu siku hiyo, na hakunihitaji. Jioni nilikuta ujumbe wake: "Kaka shikamoo. Ukurasa wa 9. Mashine imesoma HADlJA, i imekuwa l, na Ng'washi imekatika katikati. Nimejijua."